Kibodi Iliyomkataa Edina

Nyie vijana mnaokaa na bisibisi pale karibu na stendi ya Tunduma, nawapenda, lakini mna haraka. Mtu anakuja kuwaambia herufi M haiandiki, hata hajamaliza sentensi mmeshamjibu, "Mama, hiyo imekufa, nunua nyingine." Imekufa, nani kaipima? Mimi nimestaafu, niko kwangu Nanyala napalilia kahawa, na kila nikisikia kibodi imetupwa jalalani naumia kama nimesikia watu wamezika mtu anayekoroma.

Msinune. Sijaja kugombana. Wengi wenu mnaniita Mama Kompyuta mkidhani sijui, na jina nimelipenda. Nataka tu niwasimulie mambo mawili matatu ya kibodi, ili siku moja mkikutana na ile ngumu kuliko zote msikimbilie dukani.

Kwanza nianze na yule bwana wa Isongole, maana mnafanana naye. Alipanda gari mpaka Tunduma na kibodi yake ameifunga kwenye kanga ya mkewe kama mtoto mchanga. Kibodi peke yake. Nikaichomeka kwenye mashine yangu, vitufe vyote vinaitika. Nikamwambia, "Baba, hii nzima." Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, labda hapa kwako. Kule Isongole haiandiki hata nukta." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia arudi akalete na sipiyu, lile boksi lenyewe. Alipolileta nikamulika tochi kwenye tundu la nyuma anapochomeka waya, nikakuta nyigu amejenga. Nyumba ya udongo, imekamilika, imebaki kuhamia tu. Waya ulikuwa unaingia nusu na kuishia ukutani kwa nyigu.

Kwa hiyo la kwanza, kabla hujaitukana kibodi, angalia waya na tundu. Chomoa, chomeka tundu jingine. Kisha ijaribu kibodi hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine, na kibodi nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo. Ukifanya hivyo utajua ugonjwa uko upande gani wa waya. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna hata mmoja wenu anayeifanya bila kusukumwa.

La pili ni uchafu. Kikigoma kitufe kimoja au viwili vinavyokaa jirani, wakati vingine vinafanya kazi, hapo usiende mbali, kuna kitu kimelala chini yake. Chomoa kibodi, igeuze kifudifudi, igongegonge kwa adabu. Nimeona maganda ya karanga, kucha, mbegu za alizeti, na siku moja jino la mtoto. Ukiigeuza kibodi ya mtu unajua anakula nini kazini na anamficha nani. Sisi watu wa Mbozi tunalima kahawa, tunaipeleka yote sokoni, halafu tunakaa ofisini kunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Chai ile ikimwagika ndiyo inayogandisha vitufe. Sukari ikishakauka pale chini, hata upulize mpaka mashavu yaume, hakitoki kitu. Kifungue kitufe taratibu, pamba na spiriti, acha kikauke kivulini.

Nimesema kivulini. Kuna mama wa duka la kuchapa na kutoa kopi, simtaji maana bado tunasali kanisa moja, aliisugua kibodi kwa sabuni ya unga, akaisuuza, akaianika juu ya bati saa saba mchana. Aliponiletea ilikuwa imejikunja kama samaki wa kukaanga. Akaniuliza kama inanyoosheka. Nilimwambia apige pasi. Nilikuwa natania, jamani, lakini alikwenda akapiga.

Sasa haya yote mtu yeyote anaweza kuwafundisha, hata hizo simu zenu. Nililolitaka ni la Edina.

Kabla ya Edina, mjue kidogo aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzee wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tulimwita Ba Sichone. Alianza na mashine za taipu za chuma, kompyuta zilipoingia akahamia nazo bila kulalamika. Ba Sichone hakuwa anafungua kitu siku ya kwanza. Akifika kwa mteja anaomba kiti, anakaa pembeni, anamwambia mwenye mashine, "Wewe fanya kazi yako kama mimi sipo." Wateja walidhani ni mvivu. Mimi mwenyewe nilidhani anasubiri chai, na kweli chai ilikuwa inakuja. Nikimharakisha ananijibu, "Panono panono, mama," taratibu taratibu kwa Kibemba chake. "Mashine inakuonyesha ugonjwa ulipo. Ulikotoka, muulize anayeitumia." Nilimwitikia kwa heshima na moyoni nikamcheka. Mniombee nisamehewe.

Edina alikuwa mchapaji kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha, mtaa ulio nyuma tu ya barabara kuu, pale ambapo vumbi la malori linaingia hata kwenye droo zilizofungwa. Kazi yake ilikuwa kuchapa hati za mizigo. Dereva haendi popote bila hati, na foleni mnaijua nyie wenyewe. Bosi wake, Bwana Halinga, mtu wa Vwawa lakini mwenye mwendo wa Dar es Salaam, alikuwa anasalimia kwa kuinua kidevu, simu moja sikioni na nyingine mkononi.

Akanipigia. "Mama Tumaini, njoo uniangalizie kitu. Nina binti hapa wa majaribio, anasema kibodi inamkataa."

"Inamkataa vipi?"

"Njoo uone mwenyewe, maana mimi nikisema utafikiri nimelewa."

Nikaenda. Halinga akakaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Akanyoosha kidole kimoja, kile cha shahada, akakishusha kwenye kitufe kama mtu anayebonyeza chapati kuona kama imeiva, akakiacha pale, akakiinua. Herufi ikatokea. Akafanya tena, ikatokea nyingine. Akaandika jina lake lote, nikapata muda wa kuangalia kalenda mbili za ukutani.

"Umeona? Nzima," akasema. "Edina, kaa."

Edina akakaa. Msichana mwembamba, ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Vidole vyake vikaanza kukimbia, sauti tu ya vitufe, taka-taka-taka, mvua juu ya bati. Kwenye kioo, hakuna kitu. Weupe mtupu. Akaongeza kasi, vivyo hivyo.

"Mimi naandika, yeye haandiki," Halinga akasema. "Kibodi ileile, mashine ileile. Sasa niambie tatizo ni nini kama sio mtu? Muda wake wa majaribio unaisha Ijumaa. Kama ni hivi, Ijumaa tunaagana."

Alisema hivyo mbele yake. Edina aliinamia mikono yake kana kwamba imemtia aibu. Baadaye, tulipobaki wawili, ndipo nikayajua ya nyumbani. Mumewe alikuwa dereva wa bodaboda, alianguka, mguu ulikuwa kwenye plasta, mtoto bado ananyonya. Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa vile vidole. Nilimhurumia mpaka nikasahau kuudhika kwamba sijapewa chai.

Nikafanya lile nililowaambia. Nikaleta kibodi nyingine, mpya, bado ina nailoni. Halinga kidole kimoja, inaandika. Edina vidole kumi, haiandiki. Basi nikajua kibodi haina kosa, kitu kiko ndani ya kompyuta. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ile ya watu wenye mahitaji maalumu, nikakikuta. Kinaitwa Filter Keys. Kiandikeni kichwani. Kimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye mikono yake inatetemeka, anagusa vitufe bila kukusudia. Kikiwashwa, kompyuta inapuuza mguso wa haraka, inakubali kidole kilichokaa na kutulia. Ndiyo maana ilimpenda Halinga, maana yeye anaandika kama anapiga mihuri. Edina mwenye kasi yake, kila herufi ilionekana ni mtetemeko. Mwepesi ndiye aliyeadhibiwa.

Nikazima. Edina akachapa, herufi zikamwagika. Akaniangalia, akacheka kidogo huku machozi yanamlenga. Nikaondoka nimejaa sifa.

Siku ya pili yake simu ikalia. "Mama Tumaini, ulilolifanya limerudi."

Nikaenda, nikakuta kweli imewashwa tena. Nikazima. Kesho yake tena simu, saa za jioni, lakini kabla sijavaa viatu ikaja nyingine, "Usije, imepona yenyewe." Hapo ndipo nikaanza kuwashwa kichwa. Kitu kinachoharibika nakielewa, kinachoharibika na kujiponya saa zake kinanitia mashaka.

Ofisini walikuwa wameshapata jibu lao. Karani mmoja alinivuta pembeni, akashusha sauti. "Mama, sisi tumeshaona. Kuna mzee mmoja wa Ihanda, baba mkwe wa Edina. Akiingia asubuhi, mashine inafungwa. Akipita jioni kuaga, inafunguka. Sisi sio watoto."

Nikataka kucheka, ila sikucheka. Kwetu maneno ya namna hiyo yakishatoka mdomoni hayarudi, nimeona yalivyovunja nyumba za watu. Nikamwambia, "Wewe endelea kuhesabu malori, mzee niachie mimi." Lakini moyoni nilibaki na swali, maana karani aliona vizuri hata kama alifikiri vibaya. Asubuhi na jioni. Anakuja, anaaga.

Alhamisi nikaenda bila kuitwa. Nikaomba kiti, nikakaa pembeni, nikamwambia Edina, "Fanya kazi yako kama mimi sipo." Nilipojisikia nasema maneno yale, nikamkumbuka Ba Sichone, nikatamani kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshatangulia. Chai ililetwa, nikanywa.

Asubuhi haijaenda sana, mzee akaingia. Mzee Nzunda, koti la kaki, kofia mkononi, kiroba cha maharage na ndizi begani. Alikuwa anakuja mjini kumwona mwanawe mwenye mguu, na kwa kuwa kutoka kituoni ofisi ndiyo iko karibu, anapita kwanza kwa mkwewe kumwachia mzigo, anakwenda kumsalimia mgonjwa, anarudi kuaga.

Edina alikuwa katikati ya sentensi. Akasimama papo hapo. Nyie wa siku hizi mnasalimia mkwe kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo niwaeleze. Mke wa mtu hamsalimii baba mkwe amekaa, wala hamkodolei macho. Anasimama, anakunja magoti, anainamisha kichwa, na anabaki hivyo mpaka mzee amalize. Na mzee wa Kinyiha hamalizi. Aliuliza za hapa, za mgonjwa, za mtoto, za majirani, akatoa za Ihanda, za mahindi, za ng'ombe aliyekuwa anakohoa, za shangazi aliyeolewa Zambia. Kila moja ina kiitikio chake na Edina aliitika zote, kwa sauti ndogo.

Mimi niliolewa, najua magoti yale yanavyouma. Kwa hiyo nilimwangalia kwa jicho la mtu aliyekwisha kuyapiga. Pale mezani palikuwa pembamba, kiti nyuma yake kimegusa ukuta, hana pa kuchuchumaa. Mkono wa kushoto aliuweka kifuani. Wa kulia alishikia ukingo wa meza asianguke, na kidole chake kirefu kimelala juu ya kibodi, juu ya kitufe cha Shift cha upande wa kulia. Kimelala, kimetulia, kwa salamu yote.

Nikaweka kikombe chini.

Mnajua Filter Keys inavyowashwa kwa njia ya mkato? Unakandamiza Shift ya kulia sekunde kama nane bila kuachia. Kidirisha kinakuuliza, ukikubali, inawaka. Kompyuta ilipiga kimlio, lakini honi ya lori nje ilikimeza. Mzee akatoka, Edina akageuka, akakuta kidirisha kinamuuliza kwa Kiingereza kama anataka kitu fulani. Akabonyeza ndiyo. Sote tunabonyeza ndiyo, tuna adabu hata kwa mashine. Kuanzia hapo mguso wake ukawa unapuuzwa. Jioni mzee akirudi, salamu ya kuaga, kidole palepale, na kwa njia hiyohiyo kinajizima bila hata kuuliza. Mzee wa watu alikuwa kweli anaifunga na kuifungua ile mashine, kwa baraka zake za salamu.

Nilicheka mpaka Edina akaogopa. Nikamwita Halinga, nikamwonyesha kwa mkono wangu, mara moja kuwasha, mara moja kuzima. Akakuna kichwa.

"Kumbe ni salamu," akasema. "Basi dawa ndogo tu. Edina, kuanzia leo mkweo akija usisimame. Mwitikie hapohapo ulipokaa, uendelee na kazi. Mbona rahisi."

Edina, ambaye wiki nzima nilikuwa sijamsikia akimtamkia Halinga zaidi ya "ndiyo bosi", akaweka mikono mapajani.

"Bosi, hilo siliwezi."

"Huliwezi, au hutaki kazi?"

"Kazi naitaka sana. Wewe mwenyewe unajua ninavyoitaka. Lakini yule mzee anatembea na maharage begani kwa ajili yetu. Nikimwitikia nimekaa, nitakula vipi alichokileta? Kama ni hiyo, Ijumaa niandikie barua yangu."

Jamani, nilimwogopea. Mtu mwenye mtoto mgongoni na mume kwenye plasta hasemi hivyo mbele ya bosi, na yeye alisema. Mimi nikajipenyeza katikati kabla mambo hayajaharibika.

"Baba, hapana haja ya mtu kuvunja goti wala kuvunja ajira," nikamwambia. "Nipe kiti."

Nikaingia palepale kwenye mipangilio. Chini ya Filter Keys kuna mahali pa kuondoa ile njia ya mkato ya Shift. Hapo ndipo nilipopaacha mwanzo, maana nilizima taa nikasahau swichi. Nikaiondoa. Sasa kidole kilale hata mpaka mavuno, haiwaki. Nyie mkifika kwa mteja mwenye tatizo kama hili, msiishie kuzima. Ondoeni na njia yake.

Halinga hakuridhika. Alikuwa amekwisha kudanganywa na kupona kwa mashine ile. "Nitaamini kesho," akasema. "Mzee akija kesho na kazi ikasimama, mimi na Edina basi."

Ijumaa nikawepo, nani angekosa. Nje malori yalikuwa yamebanana, madereva wawili wamesimama mlangoni wakidai hati zao kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba. Edina alikuwa anachapa hati ya lori la mbolea. Halinga amesimama nyuma yake, mikono kifuani, hana simu hata moja. Karani kajibanza kwenye kabati.

Mzee Nzunda akaingia.

Edina akaiacha hati katikati. Akasimama, akakunja magoti, kifuani mkono mmoja, mwingine kwenye meza, na kidole kikaenda kulekule. Salamu ikaanza. Mguu unaendeleaje, mtoto amelalaje. Dereva mmoja akaguna, mwenzake akamkanyaga mguu, maana kwao Zambia nako wana wakwe. Ng'ombe amepona. Mvua imenyesha upande wa chini tu. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na sina desturi ya kumsumbua kwa mambo ya kompyuta.

Mzee alipomaliza, Edina akakaa. Akaweka vidole. Akavuta pumzi.

Herufi zikatoka. Zikatoka kwa kasi yake yote, mstari baada ya mstari, na mimi nikasikia mabega yangu yanashuka.

Halinga aliangalia kioo. Akamwangalia mzee, ambaye alikuwa bado amesimama na kofia mkononi, kwa sababu mwenye ofisi hajamsalimia na yeye hawezi kukaa hajasalimiwa. Sijui Halinga alipitiwa na nini. Pengine alimkumbuka baba yake kule Vwawa. Alizunguka meza, akainama, akashika mkono wa mzee kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo baba. Za Ihanda?"

Maskini, hakujua alichokianzisha. Mzee aliweka kiroba chini vizuri, akaanza tangu kwenye mahindi.

Walipofika kwa shangazi wa Zambia, hati ya lori la mbolea ilikuwa imeshatoka kwenye printa, na ya lori la pili pia, na Edina alikuwa amesimama pembeni na karatasi zake na kalamu, anasubiri bosi amalize ili amtilie sahihi. Halinga hakuthubutu kumkatiza mzee. Akanyoosha mkono kwa nyuma, akapokea kalamu na karatasi, akainama, akasaini juu ya kiroba cha maharage huku anaitika, "Eeh baba. Eeh." Kisha, bila kugeuka, akamwambia Edina kwa sauti ya chini.

"Jumatatu uwahi."